Wimbi la Nyumba

Kila nyumba ilipewa wimbi moja tu la hewani, na wimbi la nyumba ya Zamoyoni lilikuwa sauti ya mama yake. Mama huyo, Bi Mwatumu, alikuwa ameondolewa koromeo kwa ajili ya ugonjwa, akawa anasema kupitia spika ndogo iliyofungwa shingoni, inayotumia wimbi hilo.

"Maiki hii haihitaji wimbi," muuzaji alimwambia Zamoyoni dukani, "ila sauti inachelewa."

Zamoyoni aliifumbata pamoja na kinanda chake cha mdomo, akapuliza. Sauti ilimfuata nyuma kama mlevi. Maiki ya waya nayo ilimtega miguu. Ya tatu ilienea kiganjani, na sauti ikatoka papo hapo, nzito, tamu.

"Hiyo inakula wimbi la nyumba, mwaka mzima. Kwenu analitumia nani?"

Mama siku hizi hana mengi ya kusema, Zamoyoni alijiambia.

"Hakuna mtu."

"Basi weka dole hapa."

Jumamosi, kwenye harusi ya dada yake, alizunguka akipiga katikati ya wageni. Ikafika zamu ya mama kumwombea bibi harusi dua. Bi Mwatumu alisimama, akaiwasha spika, akafungua mdomo. Shingoni mwake ikatoka sauti ya kinanda cha Zamoyoni.

"Kumbe wifi naye fundi," shangazi alisema, na ukumbi mzima ukacheka.

Mama akaishika spika kwa mikono miwili, akamtazama mwanawe. Zamoyoni angeweza kuacha kupuliza. Lakini wageni walikuwa wameshainuka kucheza, na sauti haikuchelewa hata kidogo.