Firigisi ya Mjomba

Mjomba alikuwa ameshanoa kisu, na kuku nilikuwa naye mimi, nimemshika miguu. Shingo imelegea, mkia umelowa kinyesi cheupe, macho anayafumba kama mlevi kwenye mahubiri.

“Mlete tumuwahi kabla hajafa.”

Kwetu Lupaso kuku anayeumwa hazikwi, anapikwa. Na mjomba si mgeni tu. Kaka wa mama akisema, nyumba nzima inaitikia, kisha inampakulia firigisi.

“Samahani, mjomba. Huyu simtoi.”

Ndani alikuwa amelala mdogo wangu Dorika, karudi jana kutoka hospitali, mwepesi kama kanga kavu kambani. Kuku wa wiki iliyopita naye tulimuwahi, na Dorika ndiye aliyemtoa utumbo. Daktari alisema ni salmonela, vijidudu vya kuharisha alivyovitoa kwa kuku mgonjwa.

“Chanjo niliileta,” nikamwambia. “Ukasema kuku hawaendi kliniki.”

“Tumekula hivi tangu enzi za babu zako!”

“Ndiyo maana njia yetu ya chooni imekanyagwa kuliko ya kanisani.”

Akanyanyuka na kisu chake. Nikamnyonga kuku mbele yake, nikaenda nikamtumbukiza kwenye shimo la choo.

Niliporudi, mjomba alikuwa amemgeukia mama. “Dada, umemwona mwanao?”

Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimjibu kaka yake, aliipua sufuria ya maji ya kunyonyolea, akayamwaga yote uani.

“Nimemwona, kaka. Leo tunakula kisamvu.”