Kifurushi cha Mwisho

"Ongeza!" Jérôme alipaza sauti ndani ya simu, huku mkono wa pili ukiwazuia wapakuzi wasishushe mbao bila yeye kuziona. "Ongeza, Gaspard! Usiniulize tena!"

Lori lilikuwa limeingia kwenye depo yake ya Ngezi asubuhi hiyo ya Jumapili kutoka Mambasa, limejaa mbao za mti wa libuyu, matope mpaka madirishani. Na wapakuzi, Mungu awasamehe, wana mikono mirefu: ukigeuza kichwa tu, ubao umeota miguu. Jérôme hakugeuza kichwa.

Shida ni kwamba siku hiyohiyo ilikuwa sikukuu ya mavuno parokiani. Alikuwa amemwahidi binti yake Rébecca kwamba safari hii atakuja, atamwona akicheza na wenzake mbele ya altare. Siku ya Pentekoste aliahidi vilevile. Viatu vyake vya kanisa vilikuwa chini ya kitanda tangu Pasaka, na buibui alikwisha kuhamia humo. Mshika mawili moja humponyoka. Jérôme aliijua methali hiyo, ila aliamini ilitungwa kwa ajili ya watu wasio na simu.

Ndiyo maana alimtuma Gaspard, karani wake, pamoja na bahasha ya pesa. Kila mwaka baada ya misa ya mavuno, sadaka huuzwa kwa mnada uani: mihogo, kuku, mbuzi, na mwisho kabisa vifurushi vya watoto, vimefungwa kwa karatasi, mtu ananunua asichokiona. Kifurushi cha mwisho ndicho chenye heshima. Anayekipata, padri hutangaza jina lake kwenye kipaza sauti. Rébecca angesikia jina la baba yake likivuma uani, na hiyo, kwa hesabu za Jérôme, ilikuwa sawa na kuwepo.

"Patron, tuko ku dola makumi tano," Gaspard alisema. Nyuma yake watu walikuwa wakipiga makofi. "Bengine bote banaacha. Tunabakia babili tu. Na ule mwengine, patron, ule mwengine ni..."

"Ninamujua! Ni Tharcisse!" Tharcisse alikuwa na depo ya mbao ng'ambo ya barabara, na mwaka jana ndiye aliyetangazwa. Leo depo yake ilikuwa na kufuli. "Anafanya nini?"

"Anaongeza, na anacheka. Ananiangalia, anacheka."

Damu ilimpanda Jérôme kichwani. "Acheke! Weka sabini!"

"Patron, sikia kwanza. Hii kifurushi..."

Mtandao ukakatika.

Akapiga tena. Haikupita. Dereva akamvuta shati akiuliza kama wahesabu au wangoje, ubao mmoja ukateleza na kuanguka karibu na mguu wake, naye hakushtuka. Aliogopa kitu kingine. Aliogopa kwamba dakika ileile padri anataja jina la mtu mwingine, na mtoto wake, katika gauni lake jeupe, anatazama langoni.

Simu ikalia. "Tuko ku mia, patron. Ameshaongeza. Lakini mimi ninaona muzuri tuache, juu ile kitu..."

"Gaspard, weye unatumikia nani? Weka mia na makumi mbili!"

Vikasikika vigelegele, na sauti ya padri ikikwaruza kwenye kipaza sauti: "Papa Jérôme wa Ngezi! Tumupigie mikono!"

Jérôme alifumba macho. Alifurahi, alifurahi kweli, mpaka akasahau mbao na kuagiza soda kwa wapakuzi wote. Mmoja wao, inavyoonekana, hakungoja soda. Ubao mmoja haukuonekana tena.

Baadaye pikipiki ilisimama mbele ya depo. Gaspard alishuka kwanza, asimtazame patron wake machoni. Nyuma yake akashuka Rébecca, amekumbatia kifurushi.

"Basi," Jérôme alisema huku akisugua viganja, "Tharcisse alifanya uso gani?"

"Tharcisse alinunua mananasi, akaenda zamani, patron. Mwenye alikuwa anaongeza ni Mama Rébecca. Hii kifurushi ni yeye alifunga na mutoto."

Jérôme alicheka, kisha akaacha. Kwa nini mkewe Noëlla ashindane naye? Na kwa nini acheke? Alimgeukia binti yake.

"Ulicheza muzuri, mama?"

"Ndiyo, papa."

"Ulisikia jina yangu?"

"Nilisikia." Rébecca akamnyooshea kifurushi kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa kutoa sadaka.

Jérôme alikata uzi na kufunua karatasi. Ndani vilikuwa viatu vyake vyeusi vya kanisa, vimefutwa vumbi na kupigwa kiwi.

"Catéchiste alisema tulete kitu yenye haina tena kazi mu nyumba," Rébecca alisema.