Meti Kumi

Vifungo vya shati vilikuwa vinambana, akashukuru muuguzi alipomwambia alivue.

"Kazi yako?" muuguzi aliuliza huku akimbandika nyaya kifuani.

Akasita kidogo. "Kinyozi."

"Kinyozi gani huyu mwenye viganja kama mpakua magunia?"

"Nywele za siku hizi ngumu, dada."

Muuguzi akacheka. Yeye akaficha viganja chini ya mapaja. Kitanda cha upasuaji wa moyo kilikuwa kimoja tu, na majina yaliyobaki yalikuwa mawili: lile la kwenye barua aliyokuja nayo, na la bibi mmoja aliyetangulia kupimwa.

Mwanamke aliyemsindikiza alikuwa nje, kwenye benchi, ameketi kando ya mtu aliyejifunika shuka mpaka utosini. Kabla hajaingia alikuwa amemkamata mkono kwa nguvu.

"Jikaze, nakuomba. Foleni nzima inasema wanaoshindwa na mashine wanarudishwa kufia nyumbani. Ukishindwa, wanangu wamekwisha."

Sasa alisimama juu ya mashine ya kukimbilia, miguu mitupu.

"Tunahesabu kwa meti," muuguzi alimweleza. "Ukikaa tu, mwili unatumia meti moja. Kupanda ngazi, kama nne. Ukichoka sema, baba. Hapa hakuna zawadi."

Mkanda ukaanza kwenda. Akatembea. Mashine ikajiinua mbele kama kilima, akaongeza hatua. Daktari aliingia, akaisoma barua, akamtazama, akaisoma tena.

"Hapa wameandika ukivaa viatu tu unakaa chini kupumzika."

"Leo nimeamka vizuri, daktari."

"Meti sita," muuguzi akasema. "Nisimamishe?"

"Ongeza."

Mapaja yaliwaka moto. Jasho likamwingia machoni. Hewa ikawa inaingia kwa kugombana. Kifua kilimgonga kama mlango wa mtu anayedaiwa, lakini hakushika hata vyuma vya pembeni, wasije wakadhani anaegemea. Huko nje, benchini, mtu alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mwisho. Akakunja uso kana kwamba kimemtoka yeye.

"Ongeza, dada! Ongeza!"

"Saba. Nane. Jamani, huyu mtu!"

Alipofika kumi miguu ilimkatika, akadakwa na daktari. Akaketi sakafuni akihema, macho yakimbembeleza daktari.

"Nimefaulu?"

Daktari alimpiga bega akicheka. "Hongera sana, baba. Moyo kama huu hauguswi na kisu. Aliyekuandikia barua alikosea tu. Kitanda nampa yule bibi, maskini, hata meti tatu hakufika. Wewe nenda nyumbani, kanyoe watu."

Alitoka akiburuta miguu, akijifuta jasho kwa shati. Mwanamke akasimama. Kando yake shuka iliteremka polepole, na uso uleule anaouona kwenye kioo kila asubuhi ukamtazama, ila huu ulikuwa umekonda na midomo imegeuka buluu.

"Shati langu umelilowesha, pacha," kinyozi alisema kwa shida, akijaribu kutabasamu. "Basi tumepata kitanda?"