Mmoja Atoke Pichani

Bi Tak Bun-rye aliilaza picha kifudifudi juu ya kaunta, bado imeviringishwa blanketi.

"Sitaki kuonana naye," alisema. "Mmoja atoke. Wengine wabaki."

Bwana Pyo, mwenye studio, alilifunua blanketi taratibu. Aliikumbuka picha ile. Aliipiga miaka mitatu nyuma, Bi Tak alipotimiza sabini: watu kumi na mmoja wa ukoo mbele ya kiwambo kilichochorwa ndege korongo, bibi mwenyewe katikati na vazi lake la hanbok la zambarau, na kulia kwake mwanawe Gyu-ho na mkamwana wake Se-ran.

"Atoke nani, Mama?"

"Usinilazimishe kulitaja jina lake asubuhi yote hii. Jeonju nzima inajua." Akajibwaga kwenye kiti. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa pilipili. Msimu wa kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, ulikuwa umewadia. "Kabeba sanduku moja, kaenda kuishi na mtu huko Busan. Nguo zilizobaki nimezitia kwenye mifuko kwa mikono yangu, nikazitupa nje. Jumamosi ukoo mzima unakuja kwangu kupaka kabichi pilipili. Sitaki wamkute anatuchekea ukutani."

Pyo alikuwa amezisikia habari za talaka ile. Moyo ukamwuma. Siku ya picha, alikumbuka, Se-ran alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake akamfunga utepe wa hanbok, akaufungua, akaufunga tena, mara tatu, mpaka ukakaa sawa. Mtu kama yule unamfutaje?

"Faili la picha hii," alisema huku akijikuna shingo, "nadhani limepotea, Mama."

Nyuma ya rafu ya fremu, mkewe aliangua kicheko.

"Limepotea? Baba Da-on! Mama, huyu hajafuta kitu tangu anioe. Humo ndani ana picha ya pasipoti ya mtu aliyekwisha kufa, na chunusi zake kazihifadhi pembeni, asije akazihitaji."

Na kweli. Mafundi wenzake wakishamaliza kurekebisha picha huibana yote ikawa bapa moja, yaliyobaki wakayatupa. Pyo, kamwe. Kila mtu alimweka kwenye tabaka lake, na mandhari ya nyuma kwenye tabaka lake, ili lolote alilolifanya liweze kutenguliwa. Mkewe alimcheka miaka nenda miaka rudi kwamba nyumba nyingine hununua mchele, yeye hununua diski za kuhifadhia. Leo, kwa mara ya kwanza, Pyo alitamani angekuwa mzembe kama wenzake.

Akajaribu njia nyingine.

"Watu hukosana, Mama, halafu wakapatana. Tusubiri hata mwakani."

"Mwakani nitakuwa na sabini na nne. Nina muda huo?" Bi Tak aliitazama mikono yake. Sauti ikashuka. "Nilimlisha kwa mikono hii. Samaki akiwa mmoja, mnofu nilimpa yeye, mimi nikanyonya kichwa. Wala hakuniaga."

Mke wa Pyo aliacha kucheka. "Hata kuaga?"

"Ujumbe wa simu. Mistari miwili."

Pyo alivuta kiti mbele ya kompyuta, akalitafuta faili, akalifungua. Yale matabaka yakajipanga kando ya picha, kila moja na jina la mtu wake. Bi Tak alihangaika kuitafuta miwani yake mfukoni. Pyo hakumsubiri aipate. Kazi chungu, alijiambia, heri iishe upesi. Akaliteua jina, akafumba jicho moja, akabonyeza.

Se-ran akatoweka. Pale aliposimama akaonekana korongo mzima, mabawa wazi, kana kwamba hapajawahi kusimama mtu.

Kofi likamtua Pyo begani.

"We Pyo, una wazimu?" Bi Tak alikuwa amesimama, miwani puani. "Mrudishe mkamwana wangu, sasa hivi! Mtoe huyo mpumbavu niliyemzaa mimi. Na ufanye haraka, Se-ran yuko nje ndani ya gari, kaegesha palipokatazwa."