Nge na Ngali

"Mjomba, hapa mama alikosea?"

Mwalimu mstaafu wa sarufi akavaa miwani. Mpwa wake alikuwa akiandaa kijitabu cha nyimbo za marehemu mama yake, na msahihishaji ndiye yeye, mjomba mtu. Mstari wenyewe: *Ungenifungulia, ningeingia.*

"Kakosea," alisema bila kupepesa macho. "Nge ni jambo ambalo bado linawezekana. Likishapita, ni ngali. *Ungalinifungulia, ningaliingia.*"

Kalamu nyekundu ikagusa karatasi, ikagoma kwenda. Siku ile ya mvua dada yake aligonga weee, naye mwalimu ametulia tuli kitini, komeo mlangoni: acha ashike adabu. Homa ya mapafu haikumpa hata wiki mbili.

"Huu aliuimba lini?"

"Hospitali, siku ya mwisho. Nikamwambia, mama, kaka yako atakucheka na hiyo nge. Akasema, 'Mwache. Ataelewa.'"

Wino ulikuwa umetanda, doa jekundu juu ya nge. Mwalimu akaiweka kalamu chini.

"Usiiguse," alisema.

Akainuka, akaenda mlangoni, akalitoa lile komeo alilokuwa amelirudisha baada ya mpwa wake kuingia, na akaufungua mlango mpaka mwisho.