Povu la Wifi

Povu lilikuwa limepanda hadi kwenye pamba iliyoziba mdomo wa chupa, na chupa haikuwa ya mtafiti aliyesimama akiitazama. Ilikuwa ya wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimwingiza maabara akamfundisha kazi.

Miaka nenda miaka rudi, mtafiti huyu alihangaika kubadili vinasaba vya hamira, ili hamira hiyo iile sukari ya mabua ya mahindi, ambayo kwa kawaida huisusa, na kuigeuza spiriti. Hata asubuhi hiyo chupa yake ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Ya wifi ilikuwa inatokota; hamira yake ilikuwa inaila sukari ile.

Roho ilimuuma.

Simu ikalia.

"Wifi, mtoto ana homa, leo siji. Hebu niangalizie chupa yangu."

Aliiangalia tena. Vipovu vilipanda vikisukumana.

"Imelala," alisema.

Wifi akashusha pumzi. "Basi mwaga. Ndiyo ilikuwa ya mwisho, sina nguvu ya kuanza upya. Kama wewe umeshindwa, mimi ni nani?"

Akaibana simu begani, akachomoa pamba, akaiinamisha chupa juu ya sinki. Harufu kali ya spiriti ikampanda puani, harufu aliyoitamani ujana wake wote. Povu likamtambaa kidole gumba, vuguvugu, likichezacheza kama kitu chenye uhai.

"Umeshamwaga?"

Akaisimamisha chupa wima, akairudishia pamba yake.

"Wifi," alisema, "usikate simu."