Michirizi ya Ubavuni

“Umeniharibia punda wangu!” Shebwana alifoka ndani ya studio, akiigonga kompyuta kwa mpini wa mjeledi. “Nilitaka picha ya kizamani, nyeusi na nyeupe. Hii michirizi ya ubavuni nani kakutuma?”

Nasra, mpiga picha, alibana meno asimtukane. Akaondoa kwanza sura ya ukuta mkuukuu aliyoitandaza juu ya picha. Akaondoa na vumbi la bandia. Punda akabaki wazi, na michirizi ikabaki palepale.

“Mimi nilitia ukuta na vumbi, mzee. Hiyo umeichora wewe!”

Shebwana akakohoa. Nje, kwa kusikia kikohozi hicho tu, punda akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza.